Kasa wa Berlin na dawa ya kifua kikuu isiyoponya

KILWA, teritware ya Pweto. Mvuvi wa Ziwa Moero hamtafuti kobe wa maji. Kobe huingia wavuni mwenyewe, hukata nyuzi, hula samaki waliokwisha kunaswa, na asubuhi anakutwa amejifungia ndani ya gamba lake kama mtu asiyetaka kuulizwa. Wabemba wanamwita fulwe, Waluba wanamwita nkuvu, na katika hadithi za jioni ni mnyama wa haraka kidogo na akili nyingi. Katanga yetu ina hata kobe wake aliyeingia katika vitabu vya wataalamu: kobe wa matope wa Upemba, ambaye Donald Broadley alimpa jina la Pelusios upembae mwaka 1981.

Wasiojulikana sana ni wadudu wadogo wanaomsumbua kobe huyo. Naye huugua mapafu, ngozi, macho na damu. Tena zaidi ya miaka 100 iliyopita, mikrobi moja iliyotolewa katika mapafu ya kasa, ndugu yake wa baharini, ilitangazwa duniani kuwa dawa ya kifua kikuu. Watu walivuka bahari kwa ajili yake, tajiri mmoja akaahidi dola milioni moja, na wagonjwa wakajaza mlango wa hoteli. Mwishowe haikumponya mtu.

Tunaieleza historia hiyo hapa kwa sababu kifua kikuu hakijaondoka kwetu. Shirika la Afya Duniani linaiweka Kongo katika orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa ugonjwa huu. Na katika kila mji wenye machimbo na kila kambi ya wavuvi, mgonjwa anayekohoa hakosi mtu wa kumwambia kwamba kuna dawa nyingine, ya haraka, inayoshinda vidonge vya hospitali.

Berlin kabla ya kasa

Tarehe 24 Machi 1882, daktari Mjerumani Robert Koch alisimama mbele ya wenzake mjini Berlin akawaonyesha bakteria inayoleta kifua kikuu. Wakati huo ugonjwa huu uliua watu wa Ulaya kwa wingi kuliko karibu ugonjwa mwingine wowote: vijana wa viwandani, akina mama, watoto. Wengi walidhani ni ugonjwa wa kurithi katika ukoo. Koch alithibitisha kwamba ni mikrobi, na kwamba inatoka kwa mtu kwenda kwa mtu.

Baada ya kumjua adui, kila mtu alingoja silaha. Mwaka 1890 Koch huyo huyo alitangaza kwamba ameipata. Ilikuwa maji yaliyotengenezwa kutokana na bakteria zenyewe, yakaitwa tuberkulini. Hakueleza wazi yametengenezwaje. Wagonjwa walimiminika Berlin kwa treni. Baada ya miezi michache ilionekana kwamba dawa haiponyi, na baadhi ya waliodungwa walizidi kuumwa hadi kufa. Tuberkulini haikutupwa yote: mpaka leo inadungwa kidogo chini ya ngozi ya mkono ili kupima kama mtu ameambukizwa. Lakini kama dawa, ilishindwa.

Tukumbuke hilo vizuri. Mtu aliyeshindwa hapo hakuwa tapeli wa sokoni. Alikuwa mwanasayansi mkubwa kuliko wote wa wakati wake, ambaye mwaka 1905 angepewa tuzo ya Nobel. Kumbe jina kubwa halitoshi kuifanya dawa iwe dawa.

Mapafu ya kasa

Katika mji huo huo wa Berlin, daktari kijana jina lake Friedrich Franz Friedmann alichunguza kasa wa baharini waliokufa katika nyumba ya kufugia wanyama wa maji. Ndani ya mapafu yao alikuta vidonda na vinundu vilivyofanana na vya binadamu mwenye kifua kikuu. Humo alitoa bakteria iliyofanana na ile ya Koch ilipotazamwa kwa hadubini. Aliandika habari hiyo mwaka 1903. Bakteria hiyo leo inaitwa Mycobacterium chelonae, na hilo neno la pili linatoka katika jina la Kigiriki la kobe.

Friedmann alifikiri hivi: bakteria hii ni ndugu ya ile inayoua watu, lakini imezoea mnyama wa damu baridi. Ikiingizwa katika mwili wa mtu haitakuwa na nguvu ya kumuua. Ila mwili utaitambua, utajifunza kupigana, na baadaye utaweza kupigana na ndugu yake mkali.

Fikra hiyo haikuwa ya kijinga. Edward Jenner alikuwa ametumia ndui ya ng'ombe kuwakinga watu na ndui tangu mwaka 1796. Na miaka michache baadaye Wafaransa wawili, Albert Calmette na Camille Guérin, walishika njia inayofanana. Walichukua bakteria ya kifua kikuu cha ng'ombe na kuihamisha kutoka chakula kimoja cha maabara kwenda kingine mara 230, kuanzia 1908 hadi 1921, mpaka ikapoteza ukali. Ndiyo BCG, chanjo ambayo mtoto anayezaliwa leo Kilwa, Pweto au Lubumbashi anadungwa begani.

Kwa hiyo tofauti kati ya Friedmann na hao Wafaransa haikuwa katika wazo la kwanza. Ilikuwa katika kile kilichofuata.

Dola milioni moja

Mwezi wa Novemba 1912 Friedmann alisimama mbele ya chama cha madaktari wa Berlin, akasema amewatibu wagonjwa zaidi ya 1,000 kwa bakteria ya kasa na matokeo ni mazuri sana. Wenzake waliuliza maswali ya kawaida. Wagonjwa hao walikuwa katika hali gani mwanzoni? Wangapi wamefuatiliwa, na kwa muda gani? Bakteria yenyewe iko wapi ili maabara nyingine ziipime? Majibu hayakutosha. Friedmann hakutaka kuitoa mikrobi yake mikononi mwake.

Magazeti hayakungoja majibu. Habari ilivuka Atlantiki, na huko New York mwenye benki mmoja, Charles Finlay, aliahidi dola milioni moja kwa dawa itakayowaponya wagonjwa 95 kati ya 100. Jamaa yake mwenyewe alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu. Huyo hakuwa mtu wa kuchekwa. Alikuwa mtu mwenye fedha na mgonjwa nyumbani, na kila fedha yake ilikuwa haijamsaidia.

Friedmann alifika New York mwezi wa Februari 1913. Wagonjwa walimfuata hotelini, wengine wakisafiri kutoka majimbo ya mbali wakiwa na nguvu kidogo zilizobaki. Madaktari wa mji walikasirika. Wananchi nao walikasirikia madaktari, wakisema wanamwonea wivu mgeni. Serikali ya Marekani ikaona haiwezi kunyamaza. Iliwapa kazi wataalamu wawili wa idara yake ya afya, John Anderson na Arthur Stimson, wafuatilie wagonjwa waliodungwa na waipime bakteria yenyewe.

Wakati uchunguzi unaendelea, biashara ilikimbia mbele. Friedmann aliuza haki za dawa yake Marekani kwa kampuni, kwa maelfu mengi ya dola taslimu pamoja na hisa. Idara ya afya ya mji wa New York ilizuia kudunga watu bakteria hai za namna hiyo bila ruhusa. Na ripoti ya Anderson na Stimson, iliyochapishwa mwaka 1914, ikasema walichokiona: dawa haikuwa na nguvu iliyotangazwa. Wagonjwa waliendelea na ugonjwa wao. Wengine walipata majipu pale sindano ilipoingia.

Hasara haikuishia katika sindano. Kwa wakati huo tiba iliyokuwepo ilikuwa kupumzika, kula vizuri na kukaa penye hewa safi. Haikuwaponya wote, lakini ilisaidia baadhi. Mgonjwa aliyeondoka kitandani, akauza alichonacho na kupanda treni kwenda kungoja mlangoni pa hoteli, alipoteza hata hicho kidogo.

Kwa nini mikrobi ya kasa haikufanya kazi

Sababu moja ni joto. Mwili wa binadamu una joto la nyuzi 37 hivi. Kobe na kasa hawana moto wao wa ndani. Joto lao linafuata maji na jua. Mycobacterium chelonae imezoea hali hiyo, na inastawi vizuri karibu na nyuzi 30. Ndani ya kifua cha mtu haiko nyumbani. Inapomwingia mtu, mara nyingi inakaa mahali penye ubaridi kidogo: ngozi, mikono, miguu, au pale penye kidonda na sindano.

Ndugu zake wengine wanafuata desturi hiyo hiyo. Mycobacterium marinum, iliyotambuliwa mwaka 1926 katika samaki wa nyumba ya maonyesho huko Philadelphia, inawapata wavuvi na wanaosafisha samaki kwa kupitia mikwaruzo ya vidole. Mycobacterium ulcerans inakula ngozi polepole na kuacha kidonda kikubwa kisicho na maumivu makali. Ugonjwa wake unaitwa Buruli, jina la eneo moja la Uganda, na hapa Kongo unajulikana sana upande wa Songololo, Kongo-Central.

Sababu ya pili ni kwamba kufanana kwa sura si kufanana kwa tabia. Chini ya hadubini bakteria hizi zote zinaonekana kama vijiti vyekundu baada ya kutiwa rangi. Mwili, hata hivyo, hautazami rangi. Mwili kujifunza kupigana na moja si lazima uweze kumshinda mwenzake.

Sababu ya tatu ndiyo kubwa kwetu: Friedmann hakuwa na wagonjwa wa kulinganisha. Kifua kikuu kina siku zake nzuri na siku zake mbaya. Mtu anaweza kupata nafuu mwezi mmoja bila dawa yoyote, kikohozi kikapungua, hamu ya chakula ikarudi, kisha ugonjwa ukarudi kwa nguvu. Ukimdunga mtu wiki ile anapopata nafuu, sindano inapewa sifa ambayo si yake. Ndiyo maana shuhuda za watu kumi waliopona haziwezi kuthibitisha dawa, hata kama wote kumi wanasema kweli.

Na huku kwetu miaka hiyo?

Wakati New York inamgombania Friedmann, Katanga ilikuwa inazaliwa upya kwa njia ngumu. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na shaba ya kwanza ilimiminwa Lubumbashi mwaka 1911. Kampuni ya Robert Williams iliajiri vijana kutoka pande za Luapula na Moero kwenda machimboni. Wengi walikutana huko na nimonia na magonjwa mengine ya kifua, katika kambi zilizojaa watu na vumbi.

Kando ya ziwa letu adui mkuu alikuwa malale. Karibu na mwaka 1910 serikali ya Waingereza upande wa ng'ambo iliwahamisha watu kutoka bonde la Luapula na mwambao wa Moero ili kuwatenga na mbung'o, na vijiji vilivyoishi kwa samaki vikatupwa mbali na maji.

Koch naye alifika Afrika Mashariki kwa ajili ya malale. Mwaka 1906 na 1907 alikaa katika visiwa vya Ssese, Ziwa Victoria, akiwadunga wagonjwa dawa yenye sumu ya aseniki iliyoitwa atoksili. Mwanzoni walionekana kupata nafuu. Ugonjwa uliporudi, aliongeza kipimo. Baadhi ya wagonjwa wakapofuka, na macho yao hayakurudi. Wagonjwa wa Berlin na New York walikuwa na magazeti ya kuwasemea. Wale wa Ssese hawakuwa nayo.

Dawa iliyoponya ilipitia kwetu

Dawa ya kweli ya kwanza, streptomisini, ilipatikana Marekani mwaka 1943 katika bakteria za udongo. Safari hii watu walikuwa wamejifunza. Uingereza iliipima kwa kuwagawa wagonjwa 107 kwa kura: wengine walipewa dawa, wengine walipumzika tu kama desturi ilivyokuwa. Matokeo yalitangazwa 1948. Waliopewa dawa walipata nafuu zaidi, lakini kwa wengi bakteria zilizoea dawa hiyo moja ikaacha kufanya kazi. Hapo ikajulikana kwamba kifua kikuu kinahitaji dawa kadhaa kwa pamoja.

Lakini matibabu yalichukua mwaka mmoja na nusu au zaidi. Nani awezaye kumeza dawa miezi 18 huku anatakiwa kulima, kuvua na kulisha watoto? Wengi waliacha njiani.

Jibu la swali hilo lilipatikana kwa wagonjwa wa Afrika. Kuanzia mwaka 1970, hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, na baadaye Zambia jirani yetu, zilishirikiana na watafiti Waingereza kupima matibabu ya miezi 6. Wagonjwa waligawanywa kwa kura, wakafuatiliwa baada ya kumaliza dawa, na makohozi yao yakapimwa tena na tena. Matokeo ya kwanza yalichapishwa 1972. Katika kundi lililopata rifampisini pamoja na streptomisini na isoniazidi kwa miezi 6, ugonjwa uliwarudia watu kama 3 tu kati ya 100. Kundi lililopewa streptomisini na isoniazidi peke yake kwa miezi hiyo hiyo 6, ugonjwa uliwarudia zaidi ya 20 kati ya 100.

Kisha Tanzania, mwishoni mwa miaka ya 1970, ikiwa na daktari Karel Styblo, ikaonyesha kwamba nchi yenye fedha kidogo inaweza kupeleka matibabu hayo mpaka vijijini: pima makohozi, andika jina katika daftari, hakikisha mgonjwa anameza, hesabu waliopona. Shirika la Afya Duniani lilichukua mfano huo katika miaka ya 1990 na kuusambaza duniani.

Kwa hiyo vile vidonge vya miezi sita vinavyotolewa bure katika zoni zetu za afya havikushuka kutoka mbali bila sisi. Vilithibitishwa kwa vifua vya watu wa Afrika Mashariki na majirani zetu. Anayesema ni dawa ya wazungu hajui historia yake.

Na kobe wetu?

Turudi kwa mnyama wenyewe, maana naye ana haki ya kusemwa vizuri. Mikrobi alizo nazo ni zaidi ya ile ya Friedmann. Kobe mgonjwa wa mapafu anaelea upande mmoja kama mtumbwi ulioingia maji, na mapovu yanamtoka puani. Bakteria ziitwazo Aeromonas na Citrobacter zinaingia katika vidonda vya ngozi na gamba: gamba linalainika, linanuka, na chini ya tumbo yanatokea madoa mekundu kwa sababu sumu imefika katika damu. Mara nyingi chanzo ni maji machafu, baridi, njaa au kufungiwa.

Mikrobi inayohusu watu zaidi ni salmonela, na kobe anaweza kuibeba tumboni akiwa mzima kabisa. Marekani ilijifunza hilo kwa watoto wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 vikobe vidogo viliuzwa huko kama vitu vya kuchezea, na ilikadiriwa kwamba vilisababisha wagonjwa 280,000 wa salmonela kila mwaka. Mwaka 1975 serikali ilikataza kuuza kobe wenye gamba lisilofika sentimita 10 hivi, kwa maana hao ndio mtoto anaowatia mdomoni. Ugonjwa ukapungua sana. Hapa kwetu, ambapo salmonela ikiingia katika damu ya mtoto aliyedhoofishwa na malaria inaweza kumuua, neno ni rahisi: aliyeshika kobe anawe mikono kwa sabuni, na mtoto mdogo asipewe kobe kama mchezo.

Kuhusu kumla kobe kama dawa, historia haitoi msaada wowote. Huko pwani ya bahari mafuta ya kasa yametumiwa kwa pumu na kifua tangu zamani, na bado hakuna ushahidi kwamba yanatibu. Kilicho na ushahidi ni hatari: mwezi wa Machi 2024, kisiwani Pemba, watu 9 walikufa baada ya kula nyama ya kasa, 8 kati yao wakiwa watoto, na wengine 78 walilazwa. Hiyo ilikuwa sumu ya kasa wa baharini, ambayo kupika hakuiondoi. Kobe wa Moero si kasa wa Pemba, lakini neno la "ni dawa" liliposemwa bila kupimwa limekwisha kuzika watu wengi.

Maswali matatu ya mwaka 1912

Madaktari wa Berlin walimwuliza Friedmann maswali ambayo kila mmoja wetu anaweza kuyauliza leo, sokoni au nyumbani. Ni nani waliopewa dawa hii, na walipimwa makohozi kabla na baada? Wale wasiopona wako wapi, na ni wangapi? Kwa nini kilichomo ndani ya chupa ni siri? Anayeuza dawa ya kweli hana sababu ya kukasirika akiulizwa hayo.

Na kwa aliyekohoa zaidi ya wiki mbili, anayepungua uzito na kutoka jasho usiku: kituo cha afya ndipo pa kuanzia. Akianza vidonge, atajisikia vizuri baada ya wiki chache, na hapo ndipo wengi wanapoacha. Wagonjwa wa mwaka 1972 walituonyesha kwamba nafuu ya mwezi wa pili si kupona. Miezi ni sita, na wanaokaa naye nyumba moja, hasa watoto wadogo, nao wapelekwe wakapimwe.